Aliyekataza Ufagio

Ukifiwa kijijini kwetu, huku juu ya barabara ya Mikinduri, wa kwanza kufika hakuwa pasta wala chifu. Alikuwa Afande. Sijui nani alikuwa anamwambia. Akina mama wa kanisa bado wanafunga leso viunoni na kuulizana sufuria kubwa ya chai iko kwa nani, yeye tayari amesimama langoni na bakora yake, suruali imepigwa pasi, na neno lake ni lile lile: hakuna kufagia. Hata kama mzee wa watu amekufa kwa sukari, kitandani mwake, watoto wote wamemzunguka, Afande anataka ufagio uwekwe chini mpaka mambo yajulikane. Mambo gani jamani? Sukari hiyo.

Watu walimvumilia kwa sababu ya umri na kwa sababu alikuwa polisi, na polisi hata akistaafu huwezi kumwamini sana. Lakini walichukia. Kwetu msiba ukitokea, kitu cha kwanza ni ufagio. Wageni watakuja, watatoka mbali, na boma chafu ni aibu ya marehemu, si aibu ya waliobaki. Mwanamke asiyejua kulia vizuri atakusaidia kwa kufagia. Na wimbo unaanza ufagio ukianza. Sasa wewe unakuja na bakora unasema tuache majani yalale, halafu wageni wakanyage wapi?

Kwenye baraza za chifu alipewa nafasi ya kusema, kwa heshima tu, na kila mara alimaliza hivi: "Ufagio umeachilia wauaji wengi kuliko mawakili." Vijana walicheka. Wazee walitikisa kichwa. Mama yangu, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, alitazama vidole vyake vya miguu.

Kwa sababu mama yangu ndiye aliyefagia. Alifagia boma la mdogo wake, mama mdogo Kagendo, asubuhi ile alipokutwa ameuawa mlangoni pa jikoni. Aliyeshtakiwa alikuwa mume wa Kagendo, na aliachiliwa. Miaka yote hiyo mama amekaa na swali moja tumboni, nami nilidhani ni hili: je, ni mimi niliyemfungulia mlango? Hakuwahi kuligusia mpaka mwaka huu, moyo wake ulipoanza kuchoka na daktari akatuita sisi watoto pembeni. Siku hiyo aliniambia kwa Kimeru, bila hata kunitazama, "Karimi, usiniache niende na hii kitu. Kamwulize Afande."

Lakini nimekimbia mbele. Acha niseme mtu mwenyewe alivyokuwa.

Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Najua alitoka Umbeere, upande wa Kiritiri, akahamishiwa kwetu akiwa bado na nywele, akaoa hapa, akastaafu, akakaa. Jina lake limo kwenye kitambulisho, na huko ndiko liliko mpaka leo. Sisi tulimwita Afande. Mkewe alimwita Afande. Pasta alipomwombea alisema, "Bwana, mkumbuke ndugu yetu Afande," nasi tukaitikia amina bila kuona ajabu. Kimeru chake kilikuwa cha kuchekesha, kimejaa Kimbeere, na watoto walimwigiza njiani. Alijua. Alikuwa anageuka nyuma na kuwasahihisha kwamba hawamwigizi vizuri.

Mimi nina duka la dawa za mifugo hapo Makutano, mjini Meru. Sina digrii ya wanyama, nina cheti na uzoefu, lakini ukiuza dawa ya kupe katika nchi hii tayari wewe ni Daktari. Afande aliniita Daktari kwa sauti ya kunitania, akiivuta ile herufi ya mwisho. Kila Jumanne alikuja kununua chakula cha kuku. Alichagua gunia, akaliketia, na hakuinuka mpaka magari ya jioni yalipoanza kuitana. Wateja wangu walimzoea hivi kwamba wengine walimsalimu yeye kwanza na mimi baadaye.

Hadithi zake zilikuwa kesi. Si zile kubwa za kuonyeshwa kwenye runinga, hapana. Kesi zetu hizi ambazo mtu anauawa kando ya mto, watu wanalia, wanazika, wanapanda mahindi. Gazeti haliandiki hata mstari. Ukivuka daraja mbili tu kwenda Embu hakuna anayejua kuna mtu alikufa. Afande alizikumbuka zote, na alizisimulia kwa sauti ya uchovu, bila kukaza mahali popote, hata mahali ambapo mimi nilikuwa nimesahau kupumua.

Jirani yangu pale Makutano ni Nkatha, msusi. Nkatha anasuka huku simu imeegemea kioo, na kwenye simu kuna mauaji. Mauaji ya Amerika, mauaji ya Ulaya, mke amemtia mume sumu, mume amemficha mke kwenye friji. Anawajua wauaji wa Amerika kwa majina yao matatu. Siku moja alikuja kuazima stuli, akamkuta Afande kwenye gunia lake, akamwuliza kama na wao walikuwa wanafunga ule utepe wa njano.

"Utepe?" Afande akasema. "Sisi tulikuwa na miba."

Nkatha alidhani anataniwa. Lakini ndivyo alivyofanya kazi alipokuwa kijana kule kwao. Akifika mahali penye maiti, kabla ya kuuliza mtu jina, alikata matawi ya mgunga na kuyazungusha. Alisema mbuzi na binadamu wana tofauti nyingi, lakini mwiba wote wanauheshimu. Huko Kiritiri kuna vumbi, kuna mchanga, unyayo unakaa hapo unakungoja hata siku mbili. Aliwahi kumpata muuaji wa mpakiaji mmoja wa mchanga kwa sababu ya mahali sepetu ilipoegemezwa. Alama yake ilikuwa bado iko, imezungukwa na miba, mbuzi wa kijiji kizima wamesimama nje wanaitazama. Mtu alifungwa kwa hiyo alama. Afande aliisimulia hiyo kwa raha kidogo, raha yake ya mwaka mzima.

Halafu akahamishiwa kwetu. Akafika akakuta migomba, majani ya ng'ombe, majani chai, tope. "Huku kwenu nizungushe nini, Daktari?" aliniuliza. "Majani ya ndizi?" Alilaumu kijani chetu. Alisema nchi yenye rutuba haitunzi siri vizuri, inaimeza. Nami nikamjibu kwamba nchi yake ya ukame imemtunza yeye, na haionekani kama imemfaa. Akacheka mpaka akakohoa.

Alikuwa na kisa kimoja cha kujicheka mwenyewe, na alikipenda kuliko vile vya kujisifu. Hapo zamani huko Umbeere mtu aliuawa, ushahidi hakuna, wazee wakasema basi wote wanaoshukiwa waje wapige mbuzi, waape. Mtu anayeapa uongo kwa mbuzi hamalizi mwaka, ndivyo inavyoaminika. Wote wakaapa isipokuwa mmoja. Yule mmoja akagoma kabisa. Kijiji kikasema ndiye. Na Afande, na vyeo vyake, na mafunzo yake ya chuo cha polisi Kiganjo, akasema ndiye, akamtia pingu. Baadaye mwingine kabisa akaja kuungama. Yule aliyegoma alikuwa ameokoka tu, kanisa lake linakataza mbuzi. "Nilimweka ndani kwa ajili ya Yesu," Afande alisema. Alifuta macho. Sikujua kama ni kicheko.

Tangu hapo alisema anawaogopa watu wa maombi, kwa sababu huwezi kujua wananyamaza kwa ajili ya nini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maombi. Hakula mkate wangu wa saa nne bila kuuombea. Ukimwona kanisani amefumba macho ungesema amelala, na mkewe alimfinya mara nyingi kuhakikisha.

Na hapo ndipo mtu huyu aliponichanganya. Nadhifu wa kupindukia, kola nyeupe, kucha zimekatwa, viatu vimepigwa brashi hata kama anaenda kwa kuku. Lakini boma lake! Majani ya mwavukado mwaka hadi mwaka, maganda, vijiti. Hakuna kufagia nyumbani kwake, hata siku ya Krismasi. Watu waliliita msitu wa serikali. Mkewe, mama mpole, alizipenda Jumanne kwa sababu ndizo siku mume alishinda kwangu, naye akapata nafasi ya kupitisha reki haraka haraka, kisha akarudisha majani machache juu ili asijulikane. Aliniambia hivyo mwenyewe, tukacheka tukiwa tumeshikana mikono. Hatukujua tunacheka nini.

Dukani mwangu pia, msaidizi wangu akianza kufagia, Afande aliinuka akaenda kusimama nje juani mpaka amalize. Nilidhani ni vumbi. Mtu mzima, kifua, vumbi la chakula cha kuku. Nilimwambia msichana anyunyize maji kwanza. Akanyunyiza. Afande bado akatoka.

Sasa mama mdogo Kagendo.

Nilikuwa shule ya upili, ya bweni, kwa hiyo sikuona kwa macho. Nilipata kuambiwa. Mvua ilikuwa imenyesha jioni ikakatika. Asubuhi mama mmoja aliyekuwa anachukua maziwa kwa Kagendo aliingia, akamkuta mlangoni pa jikoni, kichwa kimepigwa. Akapiga nduru. Mama yangu, aliyekuwa akiishi shamba la pili, alikuwa wa kwanza kufika. Wengine wakaja nyuma yake. Kufumba na kufumbua akina mama wa kanisa wamejaa, na wakafanya kile wanachojua kufanya. Walimwinua Kagendo wakampeleka kitandani, asilale chini kama mnyama. Walimfunika kwa leso mpya. Walimwaga maji barazani. Wakawasha moto. Na mama yangu akashika ufagio, kwa sababu kama angesimama angeanguka.

Polisi walipofika, pale mahali palikuwa pasafi, chai inachemka, wimbo unaendelea. Hiyo kesi ilikuwa ya Afande. Mume wa Kagendo alikuja mchana akilia, viatu vya ngozi vinang'aa, akasema alilala Mikinduri na wanunuzi wa miraa na kwamba bila shaka ni wezi wameingia. Afande hakumwamini hata dakika moja. Alimshika. Kesi ikaenda, ikasimama, ikaahirishwa, ikaenda tena. Mwisho jaji akasema hana kesi ya kujibu, hakuna kitu kinachoonyesha nani aliingia boma lile na nani alitoka. Yule mume akaenda nyumbani. Akauza shamba. Leo anauza mabati hapa Makutano, upande wa pili wa barabara kutoka kwangu, na kila asubuhi anakaa kwa mpiga viatu brashi huku ameinua mguu mmoja.

Ananisalimu. Hilo ndilo watu hawalielewi kuhusu mambo haya, wanadhani mtu wa namna ile anakuwa na pembe. Ananisalimu, anauliza, "Mama hajambo?" nami nasema hajambo, kwa sababu niseme nini? Mjini ni pale pale. Nimechoka kumchukia, chuki nayo inataka nguvu, na mimi nina watoto na duka.

Afande akiwa kwenye gunia na yule bwana akipita, wote wawili walikuwa wanatazama barabara. Sikuwahi kumsikia Afande akitaja kesi ya Kagendo. Alitaja zote isipokuwa hiyo. Nilidhani ni kwa heshima yangu. Alisema tu, mara nyingi, pasipo kuulizwa, kwamba kesi haifi siku ya hukumu, hufa asubuhi ya kwanza. Halafu aliomba chai.

Na mama nyumbani? Mama hakushika ufagio tena. Sisi watoto ndio tuliofagia mpaka tukaolewa, kisha wakaza wana. Akienda kwenye msiba alikaa jikoni kumenya viazi. Wenzake walijua, hawakusema. Na kila baraza ilipoitwa alienda, akakaa pale pale, akasikia kuhusu ufagio na wauaji, akarudi nyumbani. Nikamwambia siku moja, mama, acha kwenda basi, unajitesa kwa nini? Akasema anaenda kusikiliza kama Afande atabadilisha maneno.

Sikuelewa. Nilidhani ni uzee.

Mwaka huu basi, alipolala na kuamka na kupumua kwa shida, ndipo aliponituma. Afande naye hakuwa anakuja Makutano tena. Miguu ilikuwa imevimba, Jumanne zangu zilikuwa kimya. Nilibeba chakula cha kuku kama kisingizio, nikaenda kwake mchana.

Nilisimama langoni nikadhani nimepotea. Boma lilikuwa limefagiwa. Udongo mwekundu, safi, mistari ya ufagio imepangika mpaka mlangoni. Afande alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya debe.

"Nimechoka kukataza," alisema, kabla sijauliza. "Mke wangu naye ameteseka."

Tukaongea kuhusu kuku. Tukaongea kuhusu moyo wa mama yangu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima jinsi ya kulizungusha lile swali, lakini nilipomwona amezeeka vile nikaona mizunguko ni ya nini. Nikamwambia mama anataka kujua kama ni ufagio wake uliomwachilia yule mtu. Anataka ukweli, hata kama ni mchungu, na hana muda.

Kuku mmoja alipita akachakura katikati ya ile mistari.

"Si ufagio," akasema. "Ni mimi."

Akanieleza. Asubuhi ile gari la polisi lilikwama mlimani kwenye tope, akatangulia peke yake kwa miguu. Alifika langoni akina mama wakiwa bado wanaimba. Aliona mama yangu anafagia kule upande wa jikoni, robo tu ya uwanja imekwisha. Robo. Alikuwa na nafasi ya kusema simama. Alifungua mdomo. Na kiongozi wa wale akina mama alipomwona akasema, tuombe.

"Mimi nimelelewa maombi hayakatizwi," alisema. "Nikavua kofia. Nikafumba macho. Na hayo maombi yakawa marefu, Daktari, unajua vile wanaomba. Na mama yako hakuacha kufagia. Mimi niko pale nimefumba macho, nasikia ufagio. Nasikia tu. Nilipofumbua, pakawa pameisha."

Nikamwambia hiyo si dhambi, kila mtu hapa angefumba macho. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naamini. Yeye akatikisa kichwa.

"Ngoja. Hiyo ndiyo ndogo." Alivuta pumzi. "Mahakamani nikaapa nilikuta pamefagiwa tayari. Niliona aibu. Inspekta mzima, nimesimama pale kama mtoto wa shule ya Jumapili. Sasa nikishasema hivyo, mama yako simwiti. Nikimwita aeleze, atasema Afande alikuwa langoni. Na mtu ambaye amefagia, Daktari, huyo ndiye ameona. Si ameangalia chini kila hatua? Ushahidi wangu wote ulikuwa kwa macho ya mama yako. Mimi nikamwacha nyumbani."

Nilikaa. Hasira ilinipanda, sitasema uongo. Miaka yote ile ya baraza, mama ameinamisha kichwa, na huyu anapiga bakora chini akisema ufagio, ufagio. Nilitaka kumwambia jambo ambalo lingemwumiza. Lakini niliitazama ile miguu yake juu ya debe. Nikaaga. Hakuniomba nimsamehe. Aliniambia tu, mwambie mama nilikuwa langoni.

Nilirudi nikakuta mama ameegemezwa mito. Nikamwambia vile vile, bila kupunguza. Nilitegemea alie, au ashukuru Mungu, au anikaripie mimi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua alikuwa langoni," akasema. "Nilimwona. Mimi sikufumba macho. Alikuwa amevua kofia nikadhani ananiambia endelea."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Kumwambia nani? Alikuwa yeye ndiye serikali. Nikasema atakuja aniulize. Polisi huuliza. Nikangoja." Alijifunika vizuri. "Mimi sikutaka kujua kama ni ufagio, Karimi. Nilitaka aulize nilifagia nini."

Na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anaenda kusikiliza kwenye baraza.

Afande alikuja Jumapili baada ya kanisa. Nilimpelekea ujumbe kwa mkewe, na sikudhani angeweza. Aliletwa na bodaboda, mkewe nyuma akimshikilia, bakora imelazwa mapajani. Alipandishwa ngazi mbili za baraza yetu kwa shida. Nilimwekea kiti karibu na kitanda cha mama, nikaleta chai, nikaleta nduma. Walisalimiana kama watu waliokutana sokoni, habari ya mvua, habari ya miguu. Kwetu mgeni akishaketi tunaomba kwanza, ndipo maneno yaanze; hata mdai akija tunaomba. Kwa hiyo nikasimama, nikasema tuinamishe vichwa.

"Hapana," Afande akasema. "Samahani, Daktari. Leo tuongee kwanza. Tutaomba baadaye."

Mkewe akamgeukia. Mama yangu akaweka kikombe chini.

Afande akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa wazi, na hayakumwacha mama.

"Mama Karimi," akasema, "siku ile ulifagia nini?"

Mama hakuharakisha. Alifuta mdomo kwa upindo wa leso, akajiinua kidogo kwenye mito, na sauti yake ilitoka imara kuliko nilivyoisikia mwaka mzima.

"Nilianzia jikoni," alisema. "Pale palikuwa na nyayo za gamboti, kubwa, za mwanamume. Zilitoka mlango wa nyumba zikaenda jikoni, halafu zikarudi mlango wa nyumba. Mara moja kwenda, mara moja kurudi. Nikazifagia. Nikaja langoni. Langoni palikuwa na patipati zetu akina mama, zote zikiingia. Gamboti hapakuwa. Alama iliyotoka langoni baada ya mvua ilikuwa moja tu, Afande. Kiatu cha ngozi."